Mtu Wetu Anaposema Mgodi Wote ni Wake

Katika komini ya Panda, mjini Likasi, mtu akitangaza kwamba karibu atakuwa tajiri, hakuna anayeshtuka. Likasi ni mji uliojengwa juu ya shaba na kobalti, na karibu kila mtaa una hadithi ya mchimbaji aliyeshuka shimoni asubuhi akidaiwa unga, akapanda jioni na pesa ya kununua pikipiki. Upande wa pili wa hadithi hiyo nao unajulikana. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali na mrithi wa Union Minière ya Wabelgiji, ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 haikufikisha hata tani 30,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Baba aliyezoea nyumba ya kampuni, mfuko wa unga wa kila mwezi, shule ya watoto na matibabu, alirudi nyumbani na bahasha moja. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za Panda ukubwa ni kumbukumbu ya wazee na tumaini la vijana.

Katika mazingira hayo kuna ugonjwa unaochelewa sana kutambuliwa. Kijana anasema amepata mnunuzi mkubwa wa madini: familia inangoja, maana huenda ni kweli. Anasema ameununua mgodi wote wa Shinkolobwe: watu wanacheka. Anasema Mungu amempa mamlaka juu ya migodi yote ya Katanga na marais wanasubiri simu yake. Siku hiyo pengine ameshauza kiwanja, hajalala wiki nzima, na mke wake amerudi kwao na watoto.

Makala haya ni kwa ajili ya familia hiyo. Ushauri wake unakusanyika katika mambo mawili. La kwanza, usipime ukubwa wa maneno. Pima usingizi, pesa na mahusiano yake. La pili, ukishajua kwamba ni ugonjwa, usipigane na kiti chake cha enzi, wala usikipigie magoti.

Ugonjwa huo ni upi

Madaktari wa akili wanazungumzia imani potofu ya ukuu. Mgonjwa anaamini kabisa kwamba ana mali, cheo, nguvu au kipawa ambacho hana, au kwamba ni ndugu wa mtu mkubwa, au ametumwa kuokoa dunia. Ushahidi haumtikisi. Watu wa kanisa lake, wa ukoo wake na wa kazi yake hawaioni hali hiyo kama anavyoiona yeye.

Maneno ya ugonjwa hutoka mahali mtu anapoishi. Huku atasema yeye ndiye mkurugenzi mkuu wa Gécamines, au mtoto wa siri wa rais, au nabii aliyeonyeshwa mshipa wa dhahabu chini ya kanisa. Kwingine hutaja mambo ya kwao. Mwaka 1959, mwanahisabati Mmarekani John Nash alikataa kazi katika chuo kikuu cha Chicago akisema anatarajiwa kuwa mfalme wa Antaktika. Huyo hakuwa mtu wa akili ndogo: kazi aliyokuwa ameiandika akiwa kijana ilimpa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1994, baada ya miaka mingi ya kuugua na kupata nafuu. Kwa hiyo mtu asiseme, "Wa kwetu amesoma, hawezi kuugua hivyo."

Ugonjwa huu si uongo wala majivuno. Mwongo anaujua ukweli na anauficha. Mgonjwa hana anachoficha, na ndiyo sababu hata kumbana kwa maswali ya polisi hakusaidii. Mwenye majivuno anataka umsifu, na usipomsifu atanuna. Mgonjwa, umsifu usimsifu, anaendelea kufunga mizigo ya kwenda kuapishwa Kinshasa.

Maswali manne kabla ya kuamua

Tamaa ya makuu si ugonjwa. Bila watu wa ndoto kubwa, nani angechimba? Kabla hujasema mtu ameharibika akili, jiulize maswali haya, na uyajibu kwa yale uliyoyaona mwenyewe, si kwa yale uliyosikia kwa jirani.

Swali la kwanza: je, huyu ndiye mtu tunayemjua? Aliyekuwa mpole na mwenye hesabu, ghafla anaongea bila kupumua, anaruka kutoka jambo hadi jambo, anagombana na kila mtu, anatongoza wanawake asiowajua. Mabadiliko ya siku au wiki chache yana uzito kuliko tabia ya maisha yote. Kama alikuwa mtu wa kujisifu tangu shuleni, hiyo ni tabia yake.

Swali la pili: analala? Mtu anayefanya kazi ya usiku hukosa usingizi, lakini kesho yake anachoka. Anayeanza kuugua hulala saa mbili au tatu, au halali kabisa, kisha anaamka na nguvu kama za watu wawili. Kati ya dalili zote, hii ndiyo ya kuandika kwenye karatasi kila siku, kwa sababu mara nyingi hutangulia maneno makubwa.

Swali la tatu: mali inaenda wapi? Anagawa pesa barabarani, anakopa kwa ajili ya ofisi isiyokuwepo, anaahidi mishahara kwa vijana wa mtaa, anatafuta mtu wa kununua nyumba kwa bei ya kutupa.

Swali la nne: anaweza kuulizwa? Mwenye mradi wa kweli ana daftari, ana mshirika unayeweza kumwona, na ukimwambia "hapa hesabu haiingii" anaweza kukasirika lakini anarudi kuihesabu. Kwa mgonjwa, swali lako linageuka ushahidi wa wivu wako, au wa njama ya kumnyang'anya ufalme. Hapo ukuu huanza kutembea pamoja na hofu: anaamini anafuatwa, anawekewa sumu, simu yake inasikilizwa.

Kuna jambo moja la kuangalia kwa makini katika nchi yetu ya Kongo, nalo ni imani. Nabii Simon Kimbangu alianza huduma yake katika kijiji cha Nkamba mwaka 1921. Utawala wa Kibelgiji ulimhukumu kifo. Mfalme Albert wa Kwanza akaibadilisha hukumu hiyo kuwa kifungo cha maisha, na nabii akafungwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mpaka alipofariki mwaka 1951. Mtu kusema ameitwa na Mungu hakumfanyi kuwa mgonjwa, na asiyekubaliana naye hana haki ya kumpeleka hospitali ya akili. Lakini yule anayeitwa kwa kawaida anakula, analala, anatunza nyumba yake, na wenzake katika imani wanaweza kumpima. Mgonjwa amebaki peke yake na ufunuo wake, na mara nyingi mchungaji wake ndiye wa kwanza kusema, "Huyu ndugu si sawa."

Kinachosababisha

Chanzo si kimoja, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kumpeleka kwa daktari.

Mara nyingi nyuma ya ukuu kuna baipola, ugonjwa unaompandisha mtu juu kwa siku au miezi na baadaye kumwangusha katika huzuni nzito. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 waliishi nao. Chanzo kingine ni skizofrenia, inayompata takriban mtu 1 kati ya 300 duniani. Hapo ukuu huchanganyika na sauti ambazo mtu mwingine hazisikii, na maneno yake hupoteza mpangilio. Magonjwa hayo huweza kupita katika ukoo, lakini kurithi uwezekano wa kuugua si kurithi laana. Anayeurithi anaweza asiugue maisha yake yote.

Bangi na dawa za kuchangamsha mwili zinaweza kuanzisha hali hiyo au kuirudisha. Lutuku, pombe kali ya kienyeji, inavuruga usingizi na kupunguza kazi ya dawa za hospitali. Vijana wanaoshuka shimoni usiku na kutumia vitu vya kuwaondolea woga na uchovu wako katika hatari maradufu, kwa sababu kukesha kwenyewe kunaweza kumrusha mwenye baipola.

Magonjwa ya mwili nayo yamo. Homa kali na malaria ya kichwani humfanya mtu aseme mambo ya ajabu. Hapo kila saa ina thamani. Kifafa, virusi vya UKIMWI, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, hata baadhi ya dawa tunazomeza, vinaweza kuvuruga fikra. Kaswende iliyofika kwenye ubongo ilikuwa maarufu kwa jambo hili: karne moja iliyopita hospitali za akili za Ulaya zilikuwa na wagonjwa wengi wa aina hiyo waliojitangaza wafalme na mamilionea. Mwaka 1917 daktari Julius Wagner-Jauregg wa Vienna alianza kuwaambukiza malaria kwa makusudi ili homa ipigane na kaswende, na mwaka 1927 akapewa Nobel. Leo kaswende inapimwa kwa damu kidogo na kutibiwa kwa penisilini. Usikubali mtu wako aitwe kichaa kabla damu yake haijapimwa.

Mama aliyejifungua ni jambo la haraka kuliko yote. Akianza kukosa usingizi siku chache baada ya kuzaa, akaongea kwa kasi na kusema mtoto wake ni masiya au ni shetani, asiachwe peke yake na mtoto hata dakika moja, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Ugonjwa huo huja kwa ghafla, na unapona ukitibiwa.

Namna ya kuongea naye

Hapa ndipo familia nyingi hupoteza nguvu zao. Zinafanya moja ya makosa mawili: kumbishia, au kumkubalia.

Ukimbishia, unampa kazi. Ukisema "Wewe si mkurugenzi, wewe ni dereva," atatafuta ushahidi mia kukuonyesha kwamba ni mkurugenzi, na usiku huo atalala nusu saa tu, akiandika barua. Ukimkubalia, hata kwa upole, unakuwa shahidi wake. Kesho atakukumbusha: "Yaya, wewe mwenyewe ulisema." Wale wanaomwita "Bwana PDG", yaani mkurugenzi mkuu, ili wacheke, au watoto wa mtaa wanaompigia saluti, wanampa kidonda kitakachouma siku atakapopona na kukumbuka kila kitu. Na atakumbuka.

Njia iliyo katikati ni kuacha cheo pale kilipo na kuzungumza na mtu aliye chini yake. Unaweza kusema:

"Yaya, mimi siyaoni unayoyaona. Lakini naona macho yako yamekuwa mekundu. Tangu Jumapili hujalala. Hilo linanitia hofu."

"Papa, umesema kuna watu wanaokufuata. Kuishi hivyo lazima kunachosha. Twende tumwone daktari akupe kitu cha kukulaza."

"Mama, kuhusu pesa hatutakubaliana leo. Tuliache mpaka Jumamosi, baba mkubwa akija."

Tazama kwamba hakuna neno la uongo hapo, wala hakuna neno la kumvunjia heshima. Usingizi, uchovu, hofu, njaa: hayo ni mambo anayoyasikia mwilini mwake, na hapo ninyi wawili mnaweza kukubaliana.

Aongee naye mtu mmoja, na awe yule anayemheshimu: mama mkubwa, mjomba, rafiki wa zamani wa kazi. Ukoo mzima ukikaa mbele yake kama baraza la hukumu, atasimama kama mfalme anayepinduliwa. Sauti iwe ya chini, sentensi ziwe fupi, na redio izimwe. Mpe kuchagua katika mambo madogo: kwenda leo jioni au kesho asubuhi, kwenda na kaka au na dada.

Usimdanganye kuhusu safari. Wapo wanaomwambia mgonjwa anapelekwa Lubumbashi kumwona gavana, kisha gari linasimama mlangoni mwa hospitali ya akili. Safari hiyo itafanikiwa mara moja tu. Mara ya pili hatapanda gari na yeyote kati yenu, na dawa atakazopewa ataziona kama sehemu ya hila.

Na ukipata nafasi ya utulivu, uliza ukuu huo unampa nini. Louise Isham na wenzake wa Oxford, katika utafiti uliotoka mwaka 2021, waliwasikiliza wagonjwa wa aina hii wakieleza maisha yao. Wengi walisema imani hiyo iliwapa thamani, kusudi la kuishi, mahali pa kuwa miongoni mwa watu. Na palepale iliwaletea madhara makubwa. Jambo hilo linaeleweka vizuri Panda. Mzee aliyepoteza kazi, nyumba na sauti yake mezani, siku ugonjwa unapomrudishia ofisi na wafanyakazi elfu, hataiachia ofisi hiyo kwa sababu tu umemwonyesha kwamba haipo. Dawa itapunguza moto, lakini lazima awepo mtu wa kumrudishia heshima ya kweli.

Linda mali kabla ya ubishi

Wiki moja ya ugonjwa inaweza kula akiba ya miaka 20. Chukua hatua mapema, bila kelele.

Hati ya kiwanja na vitabu vya familia vihifadhiwe kwa ndugu wa kuaminika, nje ya nyumba ikiwezekana. Majirani na chifu wa mtaa waambiwe kwa ufupi kwamba mtu wenu anaumwa na hakuna nyumba inayouzwa. Si lazima kueleza ugonjwa gani. Kama ana pesa kwenye simu, M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, mwombe akiwa ametulia akubali mtu wa pili ashike simu mpaka apone. Mwenye duka anayemkopesha aambiwe asiongeze. Funguo za pikipiki au gari ziondolewe, kwa sababu mtu asiyeogopa chochote haogopi hata lori la madini kwenye barabara kuu. Panga, baruti za shimoni na sumu ya panya visikae chumbani mwake.

Yote hayo yaandikwe na wawili au watatu kati yenu wayatie sahihi, ili atakapopona asije akadhani mlimwibia. Mrudishie kila kitu siku hiyo, mbele ya mashahidi walewale.

Hospitali na dawa

Anzeni karibu: kituo cha afya mnachokijua, au hospitali ya Gécamines iliyoko Panda. Ombeni apimwe malaria, kaswende, virusi vya UKIMWI na sukari, na mueleze dawa zote anazomeza, pamoja na mizizi ya nganga. Kisha ombeni barua ya kupelekwa kwa mtaalamu wa akili. Lubumbashi, umbali wa takriban kilomita 120, kuna Kituo cha Neva na Akili cha Dokta Joseph Guislain, kinachoendeshwa na Mabruda wa Upendo, shirika lililoanzishwa Ghent, Ubelgiji, mwaka 1807. Guislain mwenyewe alikuwa daktari wa mji huo, mmoja wa waliopigania wagonjwa wa akili watendewe kama wagonjwa.

Mkienda, bebeni karatasi ya usingizi mliyoandika, orodha ya dawa, tarehe mabadiliko yalipoanza, na majina ya ndugu waliowahi kuugua hivyo. Mgonjwa mbele ya daktari anaweza kujikaza nusu saa nzima akaonekana mzima kabisa. Karatasi yenu ndiyo itakayosema.

Daktari anaweza kumpa haloperidoli, risperidoni au olanzapini ili kutuliza fikra, na litiamu, valproati au kabamazepini ili kumshika asipande tena. Mambo machache familia inapaswa kuyajua:

- Usingizi unaweza kurudi katika siku chache, lakini imani ya ukuu huchukua wiki kulegea. Msivunjike moyo siku ya tatu.
- Haloperidoli inaweza kukakamaza shingo, kutoa ulimi nje au kugeuza macho juu. Watu hupiga kelele kwamba amerogwa au amepewa sumu. Ni athari ya dawa inayojulikana na ina dawa yake. Mrudisheni hospitali haraka, wala msimwage vidonge chooni.
- Litiamu inahitaji damu kupimwa mara kwa mara. Akiharisha, akitapika, au akifanya kazi juani bila kunywa maji, inaweza kuzidi mwilini. Mikono ikitetemeka sana, akiyumba au ulimi ukiwa mzito, aende hospitali siku hiyo.
- Mwanamke anayeweza kushika mimba asipewe valproati bila mazungumzo ya kina na daktari, kwa sababu inadhuru mtoto tumboni. Anayemeza dawa za UKIMWI aseme, kwa kuwa kabamazepini inagongana na baadhi yake.
- Vidonge vya kuondoa huzuni, vikitolewa peke yake kwa mtu wa baipola, vinaweza kumrusha juu upya.
- Akipona, asiache dawa kwa sababu amepona. Dawa ndizo zilizomfikisha hapo. Kupunguza kuna utaratibu wake, na unapangwa na daktari.

Msingoje miadi kama anatishia kuua au kujiua, kama sauti zinamwamuru atende jambo, kama hali wala hanywi, kama anaamini hawezi kufa na anataka kuthibitisha, au kama ana homa na shingo ngumu. Hayo ni ya saa hiyohiyo.

Kanisa, nganga na mnyororo

Familia nyingi hupita kwanza kwenye chumba cha maombi au kwa nganga, na hakuna sababu ya kuzitukana. Wanaokuombea wanakutembelea, na mgonjwa anahitaji kutembelewa. Lakini mkesha wa usiku kucha ni hatari kwa mtu ambaye ugonjwa wake unakula usingizi, na kufunga bila kula wala kunywa ni hatari kwa anayemeza litiamu. Ongea na mchungaji waziwazi: "Tumwombee mchana, usiku alale. Ale kabla ya dawa." Mchungaji mwema atakubali. Anayesema dawa ni ukosefu wa imani, muulize kama malaria ya mtoto wake huitibu kwa maombi peke yake.

Kumpiga ili pepo atoke, kumpaka pilipili machoni, kumfunga mnyororo kwenye mti: hayo si matibabu katika dini yoyote. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilionyesha kwamba watu wenye magonjwa ya akili wanafungwa minyororo katika nchi zipatazo 60. Afrika imetoa pia jibu lake. Grégoire Ahongbonon, fundi wa matairi mwenye asili ya Benin aliyeishi Bouaké, Côte d'Ivoire, si daktari wala tajiri. Amewafungua wengi, akawajengea mahali pa kutibiwa. Kabla yake, mwaka 1954, daktari Mnigeria Thomas Adeoye Lambo aliwapangishia wagonjwa wa hospitali ya Aro, Abeokuta, nyumba za vijijini pamoja na ndugu zao, wakatibiwa mchana na kurudi kula jioni na watu wao. Familia iliyo karibu na dawa iliyo mkononi zilifanya kazi pamoja.

Kama mgonjwa ni hatari kwa saa hii, watu wazima kadhaa wanaweza kumshika bila kumpiga mpaka gari lifike. Hiyo ni ya saa moja. Ikiwa ya siku, mnahitaji hospitali.

Baada ya kushuka

Watu husherehekea mapema. Mgonjwa amelala, anaongea polepole, hataji tena migodi. Kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Kumbe yeye ndiyo kwanza anaanza kuona. Anakumbuka alivyomtukana mama mkwe, deni aliloacha sokoni, video ambazo vijana walimpiga akihubiri barabarani. Aliyekuwa mfalme mwezi uliopita leo anashindwa kutoka nje kununua mkate. Huo ndio wakati wa kumchunga asijidhuru. Muulize kwa maneno ya wazi kama anafikiria kufa. Kuuliza hakumpi wazo hilo, kunampa mlango wa kusema.

Madeni yagawanywe na ukoo, moja baada ya jingine. Kwa waliokosewa, aende na mtu wa kumsindikiza, aombe radhi mara moja, basi. Hadharani yasirudiwe. Video zifutwe, na wenye kuzisambaza waambiwe na wazazi wao kwamba ni aibu yao, si yake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini kutoficha si kutangaza. Wajue wale wenye kazi ya kusaidia.

Kisha kaeni naye, akiwa mzima, muandike mapatano ya nyumbani. Dalili zake za mwanzo ni zipi: kulala chini ya saa tano siku mbili mfululizo? Kununua suti? Kuanza kupiga simu usiku? Nani anaruhusiwa kumwambia "umeanza tena", naye akasikia? Nani atashika simu na hati? Hospitali ipi, dawa ipi ilimsaidia, ipi ilimdhuru? Atie sahihi mwenyewe. Mara nyingi mapatano hayo yatawapa wiki moja ya kuwahi, na wiki moja inatosha kuokoa nyumba.

Mwisho, mpeni kazi yenye jina. Anayejua injini awafundishe vijana wawili. Aliyekuwa karani wa kampuni aandike daftari la likelemba, mchango wa zamu wa mtaa. Mzee apewe nafasi yake ya kusema kwanza kwenye kikao cha ndoa. Kazi iwe ya kweli, hata ikiwa ndogo, na watu waitegemee kweli, kwa sababu naye atajua kama mmemtungia. Dawa humshusha mtu kutoka kwenye kiti kisichokuwepo. Ni sisi wa nyumbani tunaopaswa kuhakikisha kwamba akifika chini anakuta kiti chake mwenyewe, na hakuna aliyekikalia.